Pilipili Alizochoma Mume Wangu

Mume wangu anakula kwa pua yake. Nikiwaambia hivyo watu wa Mwanza nilikokulia wanacheka, wanadhani nawatania, lakini ndivyo ilivyo: kazi yake ni kuonja kahawa. Kahawa ikitoka kwenye vituo vya kuoshea huko mikoani, inaletwa Kigali kidogo kidogo kama sampuli, inakaangwa, inasagwa, inamwagiwa maji ya moto kwenye vibakuli. Yeye anainama, ananusa, anavuta kijiko kimoja kwa kelele kama mtoto mwenye uji wa moto, kisha anatamka: hii ina chungwa, hii ina gunia, hii ilichelewa kuanikwa. Akisema gunia, ni gunia. Wanunuzi wanamwamini, na nyumba yetu hapa mtaani Niboye imesimama kwa imani hiyo.

Mtu wa namna hiyo hali pilipili. Hali kabisa, maana anasema inauchosha ulimi. Kitunguu saumu, msimu wa kahawa, marufuku. Manukato marufuku, mimi niliingia kwenye harusi yangu mwenyewe nikinuka sabuni ya kufulia. Na mimi ni mtu gani? Wazazi wangu ni Wanyarwanda waliokimbilia Tanzania, wakanilea ziwani kwa sato wa kukaanga na pilipili mbuzi iliyochomwa juu ya mkaa. Nilipoolewa niliambiwa pilipili isivuke kizingiti. Nikaipokea ndoa na sharti lake, lakini pilipili sikuiacha, mimi si mjinga. Nikawa naifuata kwa jirani.

Jirani huyo ni mama mjane aliyekulia Bujumbura, na mtaa mzima tunamwita Mukecuru, yaani bibi, kwa heshima ya umri wake. Kwake ndagala, yaani dagaa wa kwao, na pilipili haziachani. Nilikuwa nakwenda kula, nanawa mikono kwa ndimu, nasukutua, narudi nyumbani na uso wa mtakatifu. Mume wangu mlangoni tu: "Umetoka kwa Mukecuru. Na zile ndagala zake ni za mwezi uliopita." Loo! Nilikuwa natamani nimpige kwa upawa. Nilimwambia siku moja, "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Akajibu kwamba inamuwasha puani, na pua ndiyo ada ya shule ya mabinti zetu. Hapo alisema kweli.

Halafu yakaja mafua. Mafua ya kawaida tu, mtaa mzima uliyapata, hata mimi. Sisi tukapona. Yeye alipona kikohozi, akapona homa, akaanza kutembea, nami sikuona kasoro yoyote mpaka asubuhi moja alipokunywa kikombe kizima cha maziwa yaliyoharibika. Na msije mkadhani nasema kivuguto, yaani maziwa ya mgando. Yalikuwa yameoza, nilikuwa nimeyaweka pembeni niyamwage. Aliyanywa yote, akafuta mdomo, akaniuliza kama yamebaki mengine.

"Baba," nikamwambia, "umekunywa nini hapo?"

Akatazama kikombe. Akanitazama mimi. Nikaona macho yanajaa maji. "Sisikii kitu," akasema. "Tangu mafua, sisikii harufu wala ladha. Chai ni maji. Mkate ni karatasi. Hata shati lako nililinusa jana ukiwa bafuni, hakuna kitu." Hilo la shati ndilo lililonishinda. Nilikaa chini.

Daktari alimmulika puani, akasema hakuna kidonda. Pua za namna hiyo hurudi, alisema. Nyingine mapema, nyingine zinachelewa, na nyingine hazirudi. Anuse vitu vikali asubuhi na jioni, aifundishe pua upya kama mtoto anavyofundishwa kusoma. Tukarudi nyumbani. Msimu mpya ulikuwa unakaribia, na kahawa mpya ikianza kuingia waonjaji wanakaa pamoja mezani, kila mmoja anatoa alama zake, kisha wanalinganisha. Asiyesikia atajulikana siku hiyo hiyo. Na akishajulikana, hata pua ikirudi baadaye, nani atamwamini tena? Aliomba likizo yake yote, akasingizia mambo ya ukoo, akaniapisha nisimwambie mtu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwonya.

"Mimi hakitaniumbua kifo," akasema. "Itaniumbua kahawa."

Ndipo siku moja mezani akaniambia: "Lete pilipili yako ndani. Sasa itaniharibia nini?"

Miaka yote ya ndoa nilikuwa naiota ruhusa hiyo. Jamani, ilipokuja haikuwa na utamu hata kidogo. Nilikwenda sokoni Nyabugogo, nikachagua pilipili mbuzi nyekundu na za njano, ngumu, zenye vikonyo vibichi, nikawasha jiko la mkaa uani kwangu kwa mara ya kwanza kwa kazi hiyo, na nilikuwa nalia kabla moshi haujapanda. Nilizichoma kama alivyokuwa akichoma mama yangu: juu ya wavu, moto wa makaa yasiyo na miali, unageuza mpaka ngozi inapofura na kupata mabaka meusi, basi, unaziondoa. Unazifunika kwenye bakuli zitoe jasho. Unamenya ngozi ile iliyoungua, unatwanga pamoja na kitunguu saumu kilichochomwa na ganda lake, chumvi, halafu mafuta na moto mdogo, na ndimu mwishoni. Nikamwekea nusu kijiko kando ya wali.

Akala. Jasho likamtoka, masikio yakawa mekundu, akashika meza kwa mikono miwili. Nikadhani nimemuua. Kumbe anacheka.

"Hii naisikia!" akasema. "Si harufu, lakini naisikia. Inauma. Kuna kitu mdomoni!"

Kuanzia hapo hatukulala salama. Akawa anaweka pilipili kwenye kila kitu: maharage, mayai, chai, jamani, hata ndizi mbivu. Yule bwana wa kijiko kimoja cha kahawa akawa mlevi wa pilipili. Mimi nilimwelewa, maana ndicho kitu pekee kilichomwonyesha kwamba mdomo wake bado ni mdomo. Lakini niliogopa. Nilifikiri: pua imekufa, sasa anauunguza na ulimi. Nikakataa kupika nyingine. Nikamwambia kama anataka moto alambe jiko.

Akasema, "Basi nitachoma mwenyewe. Nani anajua kukaanga kunishinda?"

Hapo ndipo makosa yalipoanza. Yeye kukaanga anakokujua ni kwa kahawa, na kahawa hukaangwa kwa masikio. Punje ikipata moto hulia, pa, pa, kama bisi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Ukiacha, itatulia, kisha italia tena kwa sauti nyembamba, kama majani makavu yakikanyagwa. Mkaangaji anasikiliza milio hiyo ndipo aamue atoe lini. Sasa mume wangu, pua hana, akasema atachoma pilipili kwa sikio. Alivuta kigoda karibu na jiko, akainamisha kichwa, akawa anasikiliza mbegu zikipasuka mle ndani. Zikapasuka. Mimi nikasema, "Toa." Akaninyooshea kidole: "Tulia, huo ni mlio wa kwanza."

Pilipili hailii mara mbili! Ikipasuka imekwisha, ukingoja tena unapata mkaa. Na mkaa ndio alioupata. Alizitwanga nyeusi zile pamoja na vitunguu saumu vilivyokuwa mawe, akapika, akajaza kwenye chupa, akanipa nionje. Kulikuwa na moto, ndiyo, lakini nyuma yake uchungu wa jivu, na nyuma ya jivu harufu kama ya tairi. Ulimi wangu ulikunjamana. Naye amesimama mbele yangu, kijiko mkononi, uso unang'aa. Sikuwa nimeuona uso ule tangu mafua.

"Vipi?"

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Nimeshawaambia watu ukweli mpaka kwenye misiba. Lakini siku ile nilimeza. "Ina nguvu," nikasema, na hilo halikuwa uongo.

Laiti ingeishia kwetu. Likizo ndefu, mtu hana kazi, kila baada ya siku chache anawasha jiko. Chupa zikajaa rafu. Akaanza kuzigawa. Anavaa shati safi, anashika chupa kwa mikono miwili, anapita geti kwa geti: "Nimewaletea pilipili, nimechoma mwenyewe." Mimi nachungulia dirishani, roho mkononi. Nilisubiri mtu mmoja, mmoja tu, aseme kitu. Weee! Wanyarwanda hawa? Hakuna aliyesema. Wanapokea kwa mikono miwili, wanashukuru, wanauliza hali ya watoto. Mukecuru alionja mbele yake, akafumba macho kidogo, akashukuru kwa Kinyarwanda, "Murakoze, mwanangu." Na wiki iliyofuata akamwomba nyingine. Kisha nyingine tena!

Nilikasirika, nasema wazi. Nilimfuata kwake. "Mukecuru, wewe uliyekulia Bujumbura, unaijua pilipili kuliko mimi. Unaila kweli ile?"

"Ni pilipili," akajibu, akageukia sufuria yake.

Nikarudi nyumbani nimevimba. Nilijisemea, hawa watu utawapa sumu watakushukuru, halafu wakufungie mlango wakucheke. Kwetu Mwanza angeshaambiwa siku ya kwanza, "Ndugu yangu, umetulisha makaa," tukacheka, yakaisha. Huku nilihisi mtaa mzima unamcheka mume wangu gizani, na yeye mwenyewe anarudi kila safari amenyooka mgongo, akihesabu watu waliomsifu. Ilinichoma kuliko pilipili yenyewe.

Likizo ikafika ukingoni. Jumapili, kesho yake akiwa anarudi kazini, tulitoka kanisani nikakuta katoni mlangoni. Ndani kuna chupa, zimepangwa vizuri na magazeti katikati zisigongane.

"Za nini hizi?"

"Za ofisini," akasema. "Siwezi kurudi mikono mitupu baada ya likizo ndefu hivyo. Kila mwonjaji chupa yake."

Mungu wangu. Majirani ni majirani, lakini wale ni watu ambao kazi yao ni kunusa! Wangefungua kifuniko tu, wangejua. Wangetazamana. Mwonjaji mwenzao, anayewaambia wanunuzi hii ina gunia na hii ina chungwa, amewaletea jivu kwenye chupa na tabasamu juu yake. Wasingehitaji hata kungoja kahawa mpya. Siri yote tuliyoificha ingefumuka mezani kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki. Nilijua lazima nimwambie, na nilijua nikimwambia namnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa anakijivunia. Nilijaribu maneno. "Baba, zile pilipili..." Hapana. "Baba, usikasirike..." Hapana. Yeye alikuwa uani, amevua koti la kanisani, amewasha jiko achome za mwisho, yuko kwenye kigoda chake anasikiliza. Nikavuta pumzi nikaanza kutoka, nimeshafungua mdomo.

Tukagongana mlangoni. Alikuwa anaingia mbio.

"Umeunguza nini?" akaniuliza.

"Mimi? Sijapika kitu."

"Kuna kitu kinaungua humu." Akanipita. Akatazama jiko la gesi, limezimwa. Akafungua oveni, akainama, akafungua friji, akaigusa pasi kama ina moto. Alikuwa anazunguka jikoni kichwa juu, pua mbele, na mimi nimeganda kama nguzo ya chumvi, naogopa kusema neno nisije nikaiharibu. Akatoka tena uani. Nikamfuata polepole. Akasimama juu ya wavu wake, pilipili ndiyo kwanza zinapata weusi, moshi unamjia usoni.

"Ni hizi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni hizi zangu."

"Zinanukaje?" nikamuuliza.

"Chungu." Akavuta pumzi tena, akakohoa, akavuta tena. "Zinaungua. Na hiki ni kitunguu saumu. Hiki hapa. Na huu," akainama karibu na mkaa, "huu ni mkaa wa mkaratusi."

Hakuziondoa. Alikimbia ndani, nikasikia kabati linafunguliwa, nikajua anatafuta kopo la kahawa. Sikumfuata. Niliogopa. Nilibaki pale nikitazama pilipili zinageuka makaa kwenye wavu, nikiomba kwa lugha zote ninazozijua. Alikawia huko mpaka nikaanza kujiandaa kuambiwa hakuna kitu.

Ndipo akaita kutoka ndani, neno moja tu, kwa Kiswahili chake hiki cha Kigali ambacho huwa namtania: "Iko!"

Nililia. Nasema bila aibu, nililia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, huku nacheka, huku naziondoa pilipili motoni kwa vidole vitupu. Alitoka amekumbatia kopo, pua yake ina unga wa kahawa, naye analia. Alinishika bega akanusa nywele zangu, mchana kweupe, mtu mzima na shati la kanisani. "Moshi," akasema. "Unanuka moshi." Hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri hivyo.

Tulipotulia, macho yake yakaangukia katoni. Akachukua chupa moja, akafungua, akanusa. Akafunga. Akafungua tena kama mtu anayedhani amesoma vibaya. Akachovya kidole, akalamba, akatema ukutani.

"Mama watoto. Hii ndiyo niliyowapa watu?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe ulionja ukanyamaza? Wewe?"

"Nilisema ina nguvu," nikamwambia, na hapo kicheko kikanishinda kabisa, mpaka nikakaa kwenye kigoda chake. Yeye hakucheka. Alikuwa amejishika kichwa, anataja nyumba moja moja alizopita. Kisha akanawa uso, akavaa koti, akasema anakwenda kuomba radhi na kuzichukua chupa zote kabla jua halijazama. Nikasema twende wote, tuanzie kwa Mukecuru.

Tulimkuta barazani anachambua mchele. Mume wangu hakukaa hata alipokaribishwa. "Mukecuru, nimekuja kukuomba radhi," akaanza. "Ile pilipili ilikuwa imeungua. Sikujua. Nilikuwa..." Akasita. Alikuwa ameificha siri ile muda mrefu, hakujua aitoe vipi.

Mukecuru aliweka ungo chini. Alimtazama vizuri, usoni, puani. "Yoo," akasema. "Sasa unasikia?"

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali.

"Imana ishimwe, Mungu asifiwe," akasema yule mama, akainuka, akatuongoza jikoni kwake. Chini ya meza alikuwa amefunika kitu kwa kanga ya zamani. Akaifunua. Zilikuwa chupa za mume wangu, zimejaa mpaka shingoni. Zake, na nyingine ambazo niliziona kwa macho yangu zikipelekwa geti jingine, na jingine, mpaka ile ya nyumba ya kona.

"Mutu iko na pua hawezi kunipa hii kitu akicheka hivyo," akamwambia mume wangu. "Nilijua ile siku ya kwanza. Na kazi yako najua. Ndio nilipita kwa majirani, nikawaambia, akileta mupokee, musiseme kitu, mulete kwangu. Na mimi nilikuwa naomba ingine, ingine, ili zisifike mbali, mpaka kazini kwako."

Mume wangu aliinama akamshika yule mama mikono yote miwili. Nilipiga magoti pale chini, nikaanza kuzitoa chupa moja moja kutoka chini ya meza, na Mukecuru akawa anazipangusa vumbi na kumpa mume wangu mikononi.